Kuhamisha makontena ya OpenVZ kwenda Proxmox: la kuogopa ni lile la zamani

Mkuu, umesema una makontena 14 ya OpenVZ (seva ndogo zinazogawana kerneli ya mashine moja) chini ya SolusVM, ile paneli ya kuzisimamia, unataka kuyapeleka Proxmox, mfumo mwingine wa kuendesha seva za namna hiyo, na hofu yako ni mafaili kupotea njiani. Mimi nimehamisha 23 kwa mikono yangu na hakuna faili hata moja lililopotea. Balaa nililopata lilitoka kwa kontena la zamani lililorudi kuwa hai.

Lilikuwa la muuza dawa za jumla wa Morogoro. Mashine mama zote mbili, yaani seva zinazobeba makontena, ya zamani na mpya, zilikuwa kwenye mtandao mmoja, kwa hiyo IP haikubadilika. Nikazima la zamani kwa `vzctl stop`, nikawasha jipya, kila kitu kikaitika. Siku ya 19 mwenzangu aliiwasha upya ile mashine ya zamani ili abadilishe diski. Ndani ya `/etc/vz/conf/101.conf` (101 ni namba ya kontena) bado palikuwa na `ONBOOT="yes"`. Kontena likaamka, IP moja ikawa na wenyewe wawili, oda nyingine zikawa zinaingia huku na nyingine kule. Nilipoingia kwa SSH sikupata onyo lolote, maana hata funguo za SSH zilikuwa nakala ileile. Kilichonishtua ni `uptime`: ilisema siku 19, nikatoka, nikaingia tena baada ya muda mfupi, ikasema dakika 40. Oda namba 4118 zilikuwa mbili, za wateja wawili tofauti. Tulikaa na mhasibu wake siku mbili, risiti mezani, tukizitenganisha moja moja.

Kwa hiyo ukishazima la zamani, papo hapo andika `vzctl set 101 --onboot no --disabled yes --save`, kisha lisimamishe kwenye paneli pia. Usilifute. Na kama programu yako ya ankara bado imeunganishwa na paneli ya zamani, badilisha muunganisho huo kabla hujagusa chochote. Mteja akichelewa kulipa, programu hiyo inaweza kuamuru ufutaji usiku wewe umelala, na wakati huo nakala yako pekee ya kurudia ndiyo hiyo.

Sasa kazi yenyewe. Proxmox iliachana na OpenVZ tangu toleo la 4 mwaka 2015 ikahamia LXC, aina nyingine ya makontena, kwa hiyo huwezi kubeba kontena na mipangilio yake likawaka tu. Unabeba mafaili, mengine unayapanga upya. Mimi hunakili mafaili kwa `rsync -aHAX --numeric-ids` kontena likiwa linafanya kazi, nikipeleka kwenye folda ya muda kwenye mashine mpya. Siku ya kuhama nalizima, na kama ni la ploop (diski yake yote imo ndani ya faili la picha) nalifungua kwa `vzctl mount`, kisha narudia rsync ileile nikiongeza `--delete`. Mara hii ya pili ni dakika chache, kwa sababu yanayosafiri ni yaliyobadilika tu. Hifadhidata inakiliwe kontena likiwa limezimwa, siyo linaandika.

Hiyo `--numeric-ids` usiisahau. Ndani ya CentOS mtumiaji mysql ni namba 27 na apache ni 48. Ukiacha mashine mama ihamishe kwa majina badala ya namba, umiliki wa mafaili unaweza kuvurugika na MySQL ikakataa kuwaka. Tena usipeleke rsync moja kwa moja ndani ya kontena lisilo na mamlaka ya root ya mashine mama. Huko namba husogezwa, 0 inakuwa 100000, kwa hiyo utakuta kila faili mmiliki wake ni nobody. Nilipoteza usiku mzima hapo. Funga folda ya muda kwa `tar --numeric-owner --xattrs`, halafu mpe `pct create` faili hilo pamoja na `--unprivileged 1`, ijipangie namba yenyewe. Ikigoma ikilalamika kuhusu mknod (amri ya kutengeneza faili la kifaa) kwenye `/var/spool/postfix/dev`, futa vile vifaa viwili vya random na urandom kwenye folda ya muda, funga tar upya.

Mtandao: futa mafaili ya `ifcfg-venet0`, ambayo ni mipangilio ya mtandao ya OpenVZ, kisha weka IP kupitia `pct set` kwenye net0.

Kuna kitu kinachowakwamisha wengi. Kontena la CentOS 7 lina systemd 219 (programu inayowasha huduma zote ndani), ambayo haielewi cgroup v2, njia ya kerneli ya kugawa rasilimali, inayotumika kwa kawaida kuanzia Proxmox 7. Kontena linaonekana limewaka lakini ndani hakuna kinachotembea. Kwenye 7 na 8 unaongeza `systemd.unified_cgroup_hierarchy=0` kwenye mstari wa kerneli ya mashine mama. Kwenye 9 njia hiyo imefungwa, kwa hiyo makontena ya namna hiyo yapandishe mfumo kwanza au yape mashine pepe kamili.

Kabla ya siku yenyewe, fanya jaribio. Washa nakala kwa IP nyingine, weka mstari mmoja kwenye `/etc/hosts` ya laptop yako unaoelekeza jina la tovuti kwenye IP hiyo, fungua tovuti, ingia kama mteja. Ila zima cron (inayoendesha kazi za ratiba) na Postfix (inayotuma barua pepe) ndani ya nakala kabla haijapata mtandao, nakusihi. Shule moja niliyokuwa naihudumia ina mfumo wa kukumbusha ada kwa SMS. Nakala yangu ya majaribio iliwatumia wazazi ujumbe mara ya pili asubuhi hiyohiyo, na kuna mama alipiga simu shuleni akilia, akidhani malipo yake hayajafika. Hilo la pili liliniuma kuliko la oda.

Kama IP yako itabadilika, shusha TTL ya DNS, yaani muda ambao wengine hukumbuka IP ya zamani, hadi sekunde 300 siku moja au mbili kabla.

Anza na kontena lako dogo kabisa, tovuti ambayo ikilala saa moja hakuna atakayeumia. Likikaa wiki bila kelele, endelea na mengine, mawili kwa usiku mmoja, si zaidi. La zamani mimi huliacha siku 30 likiwa limefungwa, na kabla ya kulifuta tar yake naishusha kwenye diski ya nje, naifungua, naangalia kama hifadhidata inawaka kutoka humo.