Nilirudi Kanisani nikiwa msindikizaji: jibu kwa aliyeuliza kuhusu Misa ya zamani ya Kilatini

Ndugu yangu uliyeuliza, umesema una miaka 11 hujaungama wala kupokea Komunyo. Umesema pia kwamba kinachokuvuta kurudi ni ile Misa ya zamani ya Kilatini, iliyokuwepo kabla ya Misa ya sasa, uliyoishuhudia mara moja, na kwamba unaogopa mambo mawili: kutoelewa kitu, na kuvutwa na uzuri wa ibada badala ya kuvutwa na Mungu. Mimi nilikaa nje miaka 17, nikarudi kupitia mlango huohuo unaouchungulia wewe. Nitakujibu kwa niliyoyapitia, na uniwie radhi nikirefusha.

Sikuacha Kanisa kwa sababu ya mafundisho. Kuna padre alinisemesha vibaya mbele ya watu siku ambayo nilikuwa nimefiwa. Maneno yenyewe sitayarudia. Mwaka wa kwanza nilikaa nje kwa hasira. Kufikia wa tatu hivi, hata hasira haikuwepo tena. Nilikuwa nimezoea tu kutokwenda, na mtu akiniuliza nilimwambia kazi zimenibana.

Kilichonirudisha ni macho ya shangazi yangu. Yalianza kumwishia nguvu, akahitaji mtu wa kumshika mkono kwenda Misa, naye alikuwa akisali kwenye kanisa ambalo askofu ameruhusu Misa ya zamani. Nilikubali kwa heshima yake. Nilimwambia wazi, "Shangazi, mimi nakusindikiza tu, sisali." Akanijibu, "Wewe nifikishe, baba. Mengine si kazi yako."

Nilimkalisha, mimi nikaenda benchi la mwisho. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba hakuna aliyetaka chochote kutoka kwangu. Padre alikuwa ameielekea altare kama sisi wengine wote, kwa hiyo hakunitazama usoni. Hakuna aliyenipa mkono wala kunihimiza niitikie kwa nguvu. Huenda kwa Mkristo aliyezama katika imani hilo si jambo kubwa, lakini kwa mtu anayejificha ni rehema. Kanuni, yaani ile Sala ya Ekaristi, padre aliisoma karibu yote kwa sauti ya chini kabisa. Ilipigwa kengele, watu wakainamisha vichwa, kengele ikapigwa tena, kukawa kimya. Jumapili ya kwanza kimya kile kilinikera. Jumapili ya tatu au ya nne nikagundua kwamba kwa miaka mingi sikuwahi kutulia namna ile nikiwa macho.

Nilipiga magoti kwa sababu waliokuwa mbele yangu walipiga, na kubaki nimekaa peke yangu ndiko kungeonekana zaidi. Nakwambia hili kwa sababu ulisema hutaki "kuigiza". Mimi sikuliona kuwa maigizo, hata baadaye. Mwili ulikuwa umefundishwa utotoni, ukakumbuka kabla ya moyo. Ibada ile haikuniuliza najisikiaje. Ilinipa pa kuweka magoti, mikono na macho, ikaendelea na kazi yake.

Sasa nikueleze kilichonivunja. Katika Misa ya kusomwa, ile isiyoimbwa, padre haanzii sala za Misa juu altareni. Anasimama chini, kwenye ngazi, na kusema na mtumishi wake, yule anayemhudumia altareni: Introibo ad altare Dei, nitaingia altareni kwa Mungu. Mtumishi anajibu: kwa Mungu anayeufurahisha ujana wangu. Ni Zaburi ya 42 kwa hesabu ya Kilatini, ya 43 katika Biblia nyingi za sasa. Kisha padre anainama sana na kuungama peke yake. Anaungama kwa Mungu, kwa Bikira Maria na watakatifu, na kwa hao ndugu waliopiga magoti kando yake, huku akijipiga kifua mara tatu. Mtumishi Jumapili ile alikuwa mtoto wa miaka kama 12. Padre, mzee wa mvi, akiwa bado ameinama, yule mtoto akamjibu: Mungu Mwenyezi akuhurumie, akusamehe dhambi zako, akufikishe kwenye uzima wa milele. Padre akasema Amina. Hapo ndipo ikaja zamu ya mtoto kuungama.

Nilikuwa nafuata kwenye misale ya shangazi, kitabu cha sala za Misa, yenye Kilatini upande mmoja na tafsiri upande wa pili. Nilisoma mistari ile nikashindwa kuendelea. Kwa miaka 17 nilikuwa nimembeba padre mmoja kifuani kama ushahidi dhidi ya Kanisa zima, na hapa Kanisa lenyewe lilikuwa limemwinamisha padre mbele ya mtoto na kumlazimisha aombe msamaha kabla hajapanda kuadhimisha Misa. Nilijua kwamba yule aliyeniumiza naye ana siku anazoinama hivi. Sikumsamehe palepale, ila nilikosa cha kusema.

Niwe mkweli, maana haki ni haki: katika Misa ya sasa padre naye huungama, pamoja na sisi sote, tunaposema "Nakuungamia Mungu Mwenyezi". Maneno hayo nilikuwa nimeyasema utotoni mara zisizohesabika bila kuyasikia. Umbo la zamani liliyatenganisha, ungamo la padre kwanza na letu baadaye, ndipo sikio langu likazibuka.

Kuhusu Kilatini, usihangaike. Sehemu zisizobadilika ni zilezile kila Jumapili, na Kyrie eleison wala si Kilatini, ni Kigiriki. Majibu ya lazima ni machache na utayashika kwa kusikia. Ushauri ambao ningependa ningepewa mimi: Jumapili tatu za kwanza funga kitabu. Wageni wengi huhangaika kutafuta ukurasa, Misa ikaisha hawajainua macho. Tazama, sikiliza, nyamaza. Kitabu kifungue Jumapili ya nne.

Kuhusu uzuri, nakuomba usiuogope. Mavazi ya kuhani na ubani vimeagizwa katika kitabu cha Kutoka, na aliyeagiza ni Mungu mwenyewe. Ila jiulize kila baada ya wiki chache: uzuri huu unanisogeza kwenye kitubio, au unanifanya mtazamaji mzuri? Mimi nilikaa takriban miezi minne nikihudhuria bila kupokea. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 916, inasema anayejijua kuwa katika dhambi kubwa asipokee kabla ya kuungama, isipokuwa kwa sababu nzito na pasipo nafasi ya kuungama. Nilibaki kwenye benchi wakati shangazi akipelekwa mbele na mama mmoja, nikisali Komunyo ya tamaa, yaani kumwomba Yesu aje moyoni pale usipoweza kumpokea, sala ambayo Mtakatifu Alfonso Liguori aliiandikia maneno yanayotumika mpaka leo. Ile njaa ilinifaa. Nilipoanza kuona uchungu wa kubaki nimekaa, nilijua nimefika.

Halafu kuna jambo lililonigharimu, nawe nakutahadharisha. Baada ya kuungama niligeuka mkali. Nilisoma historia yote: Misale ya Papa Pio wa V ya mwaka 1570 baada ya Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, toleo la 1962 la Papa Yohane XXIII ambalo ndilo linalotumika kwenye Misa hii, Misale ya Papa Paulo VI iliyoanza kutumika Majilio ya 1969, ruhusa pana ya Papa Benedikto XVI mwaka 2007, kisha masharti ya Papa Fransisko ya Julai 2021, Traditionis custodes, yaliyorudisha uamuzi mikononi mwa askofu wa jimbo. Nilijua tarehe kuliko nilivyojua Injili. Nikawa nawadharau jirani zangu kwa nyimbo wanazoimba, nikinung'unikia maaskofu kila siku. Nilipoungama hilo, muungamishi wangu, yuleyule wa Misa ya Kilatini, alinipa malipizi ambayo sikuyatarajia: nikasali Misa moja ya siku ya kazi katika parokia yangu mwenyewe, nisikosoe chochote, hata moyoni.

Nilikwenda. Watu wachache, wengi wao akina mama wazee. Masomo nilikuwa sijawahi kuyasikia kabisa, maana misale ya zamani huzungusha masomo yake mwaka mmoja, lakini mpango wa sasa una miaka mitatu kwa Jumapili na miwili kwa siku za kazi, na unafungua sehemu kubwa zaidi ya Maandiko. Nililia pale pia. Tangu hapo nasali kote kuwili, na nasema bila kuona haya kwamba Misa ya zamani ndiyo iliyonifundisha kuisali hii ya sasa.

Kwa hiyo kama unakokaa hakuna Misa ya zamani, usikae nyumbani ukiisubiri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano wenyewe, katika hati ya liturujia ya Desemba 1963, uliagiza matumizi ya Kilatini yahifadhiwe na waamini waweze kusema au kuimba kwa Kilatini sehemu zinazowahusu. Wimbo wa Kigregori, ule uimbaji wa kale wa Kilatini, uliupa nafasi ya kwanza, mambo mengine yakiwa sawa. Misale ya sasa huweza kuadhimishwa kwa Kilatini. Muulize paroko wako kwa unyenyekevu. Kupokea Komunyo kwa ulimi ni haki yako katika Misa yoyote, na hukatazwi Komunyo kwa sababu tu umepiga magoti. Hati ya Vatikano ya Redemptionis Sacramentum ya 2004 imelisema wazi. Kuna kuabudu Ekaristi, kuna Njia ya Msalaba, kuna Masifu ya Jioni. Na Rozari: miezi ile minne ya kusindikiza, shangazi alinifanya nimhesabie punje njiani kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vinatetemeka. Nilidhani namsaidia yeye.

Sasa kitubio, maana ndicho hasa unachokikwepa, hata kama swali lako limezungumzia Kilatini. Chunguza dhamiri siku mbili tatu kabla, andika kwenye karatasi. Dhambi kubwa unatakiwa kuzitaja kwa aina na idadi kadiri unavyokumbuka. Ukisahau moja bila kukusudia, inasamehewa pamoja na nyingine. Ukiikumbuka baadaye, itaje kitubio kinachofuata. Padre hawezi kutoa siri ya kitubio kwa sababu yoyote ile. Kama kuna suala la ndoa isiyofungwa Kanisani, omba kuonana na padre pembeni kwanza, kwa sababu linahitaji muda kuliko foleni ya Jumamosi inavyoruhusu. Na usimtafute padre usiyemjua wa mbali kwa aibu tu. Ila kama aibu ndiyo itakayokuzuia kabisa, basi mtafute huyo wa mbali, uende.

Mimi nilikuwa na karatasi mbele na nyuma. Mikono ilitetemeka nikashindwa kusoma mwandiko wangu mwenyewe. Padre akaniambia, "Iweke chini. Nitakuuliza, wewe jibu." Akapitia Amri za Mungu moja baada ya nyingine kwa upole, nami nikijibu ndiyo, hapana, mara nyingi, sikumbuki. Haikuchukua hata nusu saa. Karatasi niliichoma nilipofika nyumbani.

Fika mapema kabla foleni haijawa ndefu. Ukipiga magoti sema, "Nibariki Padre, kwa maana nimekosa. Ni miaka 11 tangu nilipoungama mara ya mwisho, na sijui nianzie wapi." Kisha nyamaza, umwache yeye aanze.