Maswali na Majibu: Nani Afanye Nini Kwenye Mradi wa UX

Mteja anatafuta "mtu wa UI na UX". Hiyo ni kazi moja au mbili?

Ni mbili, hata kama anayezibeba ni mmoja. Wa UX (uzoefu wa mtumiaji wa programu au tovuti) anaangalia safari nzima ya mtumiaji: anataka nini, anaanzia wapi, anakwama wapi. Wa UI (sura ya skrini) anashughulikia kile kinachoonekana: vitufe, rangi, herufi, mpangilio. Wapo pia mtafiti na mwandishi wa maneno ya kwenye skrini. Huyu mwandishi husahaulika mno, na inaniuma, maana kazi yake huokoa watu wengi. Fomu ikisema "Hitilafu imetokea", mtumiaji anabaki ameduwaa. Ikisema "Namba ya simu imepungua tarakimu moja", anarekebisha na kuendelea.

Kwenye mpango wako, andika jina mbele ya kila jukumu. Jina lako likijitokeza mara nne, mwonyeshe mteja, kisha mzungumze upya kuhusu muda.

Mteja anasema hana bajeti ya utafiti, nianze kuchora moja kwa moja. Nikubali?

Usikubali kuuacha, kubali kuupunguza. Mwaka 2000 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti na programu, aliandika kwamba kujaribu na watumiaji 5 kunaweza kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya utumiaji. Kama una nafasi ya watu 15, alishauri, wagawe kwenye majaribio matatu ya watu 5, na urekebishe kazi kila baada ya jaribio. Hesabu hiyo inahusu watumiaji wanaofanana. Wanunuzi na wauzaji ni makundi mawili, kila kundi lijaribiwe peke yake.

Mpe mtu jambo la kufanya, kwa mfano "badilisha anwani yako", halafu nyamaza. Usimwelekeze, hata akihangaika. Tazama kidole kinapositasita. Ikiwezekana mwite mteja akae pembeni atazame pia: akishaona watu watatu wanapita kitufe kilekile bila kukiona, ubishi wa bajeti hupungua wenyewe.

Marekebisho hayaishi. Kila wiki bosi mwingine wa upande wa mteja analeta maoni mapya.

Hapo tatizo ni makubaliano ya mwanzo. Yataje kwa maandishi: raundi ngapi za marekebisho ziko ndani ya bei, nani mmoja mwenye kauli ya mwisho, na maoni yote yapitie kwake. Kisha idhinisheni muundo kwanza kwa michoro ya kijivu isiyo na mapambo. Ukipeleka rangi mapema, kikao kizima kitajadili rangi, na kasoro ya safari ya mtumiaji itaibuka wakati programu imeshaanza kuandikwa.

Nakadiriaje muda bila kujidanganya?

Usihesabu skrini, hesabu hali zake. Skrini moja ya orodha ya oda ina hali ya kuwa tupu, ya kupakia, ya kukosa mtandao na ya kujaa. Zote zinahitaji kuchorwa, vinginevyo mwandishi wa programu atazibuni mwenyewe usiku wa mwisho.

Mteja anapenda maandishi ya kijivu hafifu kwenye weupe. Nimjibu nini?

Mwonyeshe kipimo. Mwongozo wa WCAG, yaani mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, kwenye ngazi yake ya kati iitwayo AA, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Pima rangi yake mbele yake, kisha mpe kijivu kilichokolea zaidi kinachofaulu.