Dawa mara ya tatu na hali ni ile ile: omba utazamwe kichocho cha kizazi

Mwanamke anakwenda kituo cha afya na maumivu chini ya kitovu, uchafu usio wa kawaida ukeni, na matone ya damu baada ya kukutana na mumewe. Anaambiwa ni ugonjwa wa zinaa. Anapewa vidonge, na mume naye anaandikiwa vyake. Baada ya mwezi anarudi na yale yale, anabadilishiwa dawa. Akirudi mara ya tatu huanza kutazamwa kama mtu mwenye wasiwasi tu, au huulizwa maswali ambayo mke wa watu hapendi kuulizwa.

Kama dawa umezimaliza, mume kamaliza zake, na hali haijabadilika, usikubali kuambiwa huna kitu. Huenda ugonjwa sio ule ulioandikwa kwenye cheti. Na kwa sisi wa Unguja na Pemba, kuna ugonjwa mmoja ambao ni lazima uulizwe kwa jina lake: kichocho.

Wengi wetu tunakijua kichocho kama maradhi ya watoto wa skuli wanaokojoa damu. Lakini minyoo ile ile inayotaga mayai kwenye kibofu huyapeleka pia kwenye shingo ya kizazi, ukeni na hata kwenye mirija. Mayai yakikwama kwenye nyama, mwili huyazingira, na hapo hutokea uvimbe na mabaka yanayotoka damu kwa kuguswa tu. Antibayotiki haziwezi kitu hapo, kwa sababu hakuna bakteria wa kuuawa.

Kwa nini daktari hakioni? Mara nyingi si kwa dharau. Dalili zinafanana mno na za magonjwa ya zinaa, na wengi waliosomea udaktari hawakufundishwa kichocho cha kizazi kwa kina. Halafu kichocho visiwani kimepungua sana kutokana na miaka mingi ya kugawa dawa maskulini na kwenye shehia, kwa hiyo hakiji haraka akilini. Na daktari wa mjini akimuona mama aliyevaa vizuri, hamuulizi kama aliwahi kuvuka mto. Minyoo hii huishi ndani ya mtu kwa miaka kadhaa, na mayai yaliyokwama hubaki hata minyoo ikishakufa. Ukiwa unakaa Ng'ambo ya mjini Unguja leo lakini ulikulia bondeni Pemba, ukafua mtoni na kulima mpunga miguu ikiwa majini, historia hiyo bado ni ya leo. Hiyo ndiyo habari ambayo daktari hana, na wewe unayo.

Kwa hiyo ianze hiyo. Kabla ya kwenda, andika kwenye karatasi moja: dalili ilianza mwezi gani, dawa gani ulipewa na kwa siku ngapi, uliimaliza au hukuimaliza, na ni maji gani ya mto, bwawa au bonde uliyokuwa ukiingia. Maji ya bahari hayahusiki; konokono wanaobeba kichocho wanaishi kwenye maji yasiyo na chumvi. Chukua na vyeti vya zamani, na maganda ya dawa kama unayo. Ukishaamkiana na daktari, sema kwa utulivu: "Dakta, nimeshatumia dawa hizi mara mbili na nimezimaliza, hali haijabadilika. Nimekulia pahala penye mto. Naomba nipimwe kichocho, na naomba nitazamwe shingo ya kizazi." Akikataa, muombe aandike kwenye cheti kwamba umeomba na kwa nini ameona si lazima. Ombi hilo halina ukorofi wowote, na mara nyingi kalamu ikishashikwa daktari hufikiri upya.

Kipimo cha mkojo ndipo wengi wanapopotea. Ukipimwa kwa ajili ya UTI unaambiwa ukinge mkojo wa katikati, na mara nyingi ni asubuhi mapema. Kwa kichocho ni kinyume. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na damu na mayai huwa zaidi kwenye matone ya mwisho. Tembea kidogo kwanza, au panda na kushuka ngazi, kisha kinga mkojo hadi tone la mwisho. Usitoe siku za hedhi, kwa sababu damu hiyo itavuruga majibu. Mkojo ufike maabara upesi na usiachwe juani, maana mayai huanguliwa. Waombe wauchuje au wauzungushe kwenye mashine kabla ya kutazama kwa darubini. Tone moja tu kwenye kioo hukosa mayai machache. Na kama jibu ni safi, rudia siku nyengine mbili.

Hapa naomba usome taratibu: mkojo safi hauondoi kichocho cha kizazi. Mayai yanaweza kuwa yamekwama kwenye shingo ya kizazi na yasiwemo hata moja kwenye mkojo. Ndiyo maana kutazamwa ni lazima. Mkunga au daktari hutumia chombo cha kupanulia na taa nzuri, akitafuta mabaka yanayofanana na chembe za mchanga, rangi ya manjano hivi, au vishipa vya damu visivyo vya kawaida. Una haki ya kuomba mwanamke akutazame, na ya kuwa na dada au mama yako pembeni. Papo hapo omba na kipimo cha siki cha saratani ya shingo ya kizazi. Damu baada ya tendo la ndoa inaweza kuwa saratani, na kwa sababu hiyo sikushauri hata kidogo ununue dawa ya kichocho dukani ukanyamaza.

Ikithibitika, au daktari akiona dalili na historia vinatosha, dawa ni prazikwanteli. Kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, kwa mara moja. Mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 2,400, yaani vidonge vinne vya 600. Pimwa uzito, usikadiriwe kwa macho. Kula kwanza, ugali au wali wa kushiba, kisha meza kwa maji mengi bila kutafuna, kwani ni chungu na wengi huitapika. Tumbo kusokota, kichefuchefu na kizunguzungu siku hiyo ni kawaida. Kama una mimba au unahisi unayo, sema kabla.

Dawa inaua minyoo mikubwa. Ile michanga huiponyoka, kwa hiyo rudi upimwe tena baada ya miezi miwili hivi. Mabaka yenyewe huchelewa, na ya zamani sana huenda yasiondoke yote. Usikate tamaa na usihesabu kuwa dawa imeshindwa ndani ya wiki.

Yapo ambayo hayasubiri karatasi wala foleni. Hedhi imechelewa na una maumivu makali upande mmoja pamoja na kizunguzungu. Homa na maumivu ya kiuno. Damu inayolowesha pedi kila saa. Nenda hospitali ya Mnazi Mmoja, au kwa Pemba hospitali ya Abdalla Mzee, Chake Chake au Wete, ilipo karibu, usiku huo huo.

Na mume aambiwe wazi, ikiwezekana na daktari mwenyewe: kichocho hakiambukizwi kitandani. Kinaingia kwa ngozi, majini. Ndoa zinatiwa doa kwa neno "zinaa" lililoandikwa kwa kukisia, na mwanamke hubaki na aibu ya kosa ambalo hakulifanya, ilhali alichokifanya ni kufua nguo za watoto.