Programu inasema 2147483647 si namba tasa

Ndugu, nimekuelewa: programu yako ya C inapima namba ndogo vizuri, lakini ukiiendesha kwa 2147483647 kwenye kompyuta za saiba hapo Nairobi inachelewa mno, kisha inasema si tasa. Namba hiyo ni tasa. Ni 2^31 − 1, na Euler alithibitisha hivyo mwaka 1772.

Kosa liko kwenye sharti la kitanzi kinachojaribu kuigawa namba n kwa kila i: i*i <= n. Kigeu cha int cha biti 32, chenye ishara ya hasi au chanya, hakibebi zaidi ya 2147483647. i ikifika 46341, mraba wake ni 2147488281. Unafurika na kwa kawaida unageuka hasi, basi sharti halivunjiki kamwe. i inapanda hadi kuifikia n yenyewe, baki ya kugawanya inakuwa 0, nawe unapewa jibu la uongo. Andika i <= n/i.

Ukitaka kuhakikisha kwa kalkuleta, usijaribu namba zote hadi 46340, karibu na kipeuo cha pili cha namba hiyo. Kigawanyo tasa chochote kingekuwa 248k + 1 au 248k + 63, k ikiwa namba nzima, kwa hiyo zinabaki 373 tu. Inapendeza sana! 63 na 249 ziruke, zinagawanyika kwa 3. Anza na 311.

Usiitumie namba hii kutengeneza ufunguo wa siri wa malipo, ni ndogo mno. Kazi hiyo mpe mtaalamu wa usalama wa mitandao.