Ataiweza, ila mtayarishe kwa insha

Dadangu, umeuliza kama binti yako, aliyezoea shule ya kutwa, ataiweza diploma ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa miaka ya mwisho ya sekondari) akikaa bwenini na watoto wa mataifa mengine pale Aga Khan Academy, Kizingo, Mombasa. Ataiweza, ila mtayarishe kwa insha. Mwanangu aliisoma diploma hiyo miaka 2, na kilichomtoa jasho si hesabu, ni ile insha ndefu ya maneno 4,000. Mwanafunzi hujichagulia swali, akalitafiti na kuliandika kwa miezi. Wangu alichelewa kuchagua, akahangaika mpaka nikamwonea huruma. Wako aanze kuwaza mapema.

Masomo ni 6, kila moja alama 7 kwa juu. Insha hiyo pamoja na nadharia ya maarifa, somo la kuhoji tunajuaje tunachokijua, huongeza hadi alama 3, jumla 45. Kufaulu huanzia 24, na yapo masharti mengine. Kuna pia sanaa, michezo na kazi za kujitolea: hazina alama, lakini asipozitimiza diploma haipati.

Kuhusu Kiswahili, tafadhali usimwache akitupe. IB inakitahini, kwa hivyo uliza kama shule inakifundisha kabla hujalipa karo. Mwanangu ndiye aliyekuwa akiwafunza wenziwe wa bwenini kuagiza viazi karai na mahamri kwa mbaazi, na ule upweke wa wiki za mwanzo ukampungukia hapo.