Nakala 41, hundi haijaja

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi na mwenzangu tuna kampuni ndogo ya kuchapisha vitabu hapa Tanga. Riwaya yetu ya kwanza, kurasa 200, wino mweusi tupu, tumeiweka Amazon, duka la mtandaoni, kwa dola 9.50 ili isionekane ghali. Ndugu na marafiki walioko Marekani wamenunua nakala 41. Nikapiga hesabu: karibu dola 390! Tulichagua kulipwa kwa hundi, na huu mwezi wa tano hatujaona kitu. Tumekosea wapi?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Umeanza kuhesabu kwenye bei ya jaladani, na hiyo si pesa yenu.

Mimi diwani yangu ya mashairi niliichapa Kariakoo, nakala 500, nikalipa zote kabla ya kuuza hata moja. Maboksi yakalala chini ya kitanda, mchwa wakawa wasomaji wangu wa kwanza. Nyinyi mmeepuka hilo, maana kitabu chenu huchapwa na Amazon pale mtu anapokiagiza. Lakini gharama haikufutwa. Imejificha ndani ya kila nakala.

Shika kalamu. Kwa soko la Marekani, kuchapa nakala moja ya kurasa zenu ni dola 1, halafu senti 1.2 kwa kila ukurasa: jumla dola 3.40. Tangu Juni 2025, kitabu cha karatasi chenye bei iliyo chini ya dola 9.99 hupata mrabaha, yaani fungu lenu katika bei, wa asilimia 50; kuanzia 9.99 ni asilimia 60. Nusu ya 9.50 ni 4.75. Toa 3.40, inabaki 1.35. Hapo kuna kodi: Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo asilimia 30 ya mrabaha wa mauzo ya huko hukatwa. Mnabaki na senti 94 hivi. Zidisha kwa 41, hazifiki hata dola 39. Na hundi haiandikwi mpaka salio lifike dola 100! Basi hela ipo, imekaa inasubiri wenzake.

Bei yenu ya huruma ndiyo inayowaumiza. Mngeweka 9.99, yaani senti 49 zaidi, baada ya kodi mngepata kama dola 1.81 kwa nakala, karibu mara mbili. Mngeweka 12, ni dola 2.66, na nakala 38 zingetosha hundi kutoka. Shangazi anayenunua kitabu cha mtoto wa nyumbani kwao hatakimbia kwa dola mbili na nusu.

Tena angalieni kama mliweka alama kwenye kile kisanduku cha usambazaji mpana, wa maduka mengine na maktaba. Huko mrabaha ni asilimia 40: kwa bei yenu ya sasa, senti 40 kabla ya kodi. Mimi ningekiacha bila alama kwanza.

Na wasomaji wa Tanga msiwaagizie nakala kutoka huko. Ile 3.40 haina nauli ya mzigo ndani yake. Chapeni chache hapa nchini, hata 50, pokeeni pesa kwa simu, kifurushi kipande basi. Ila msiviweke chini ya kitanda.