Kindi wamo darini: tuzibe tundu au tusubiri?

SWALI: Tuko watano katika nyumba ya kupanga hapa Columbus, Ohio. Kila mtu ana chumba chake, jiko na kibaraza ni vya wote. Kindi wa mtaa huu hawamwogopi mtu. Mmoja ametafuna wavu wa dirisha la jikoni akaingia kula mkate mezani, na tangu Agosti ianze tunasikia mbio juu ya dari kila alfajiri. Mwenzetu mmoja huwapa karanga kibarazani. Mwenye nyumba anasema tununue kopo la povu tuzibe tundu lililo chini ya paa. Tufanye hivyo?

JIBU: Msizibe kwanza. Kindi wa kijivu, ambaye ndiye aliyejaa katika mitaa ya Ohio, huzaa mara mbili kwa mwaka: baridi inapokaribia kwisha, na tena katika majira ya joto. Agosti ni mwezi wa watoto. Huzaliwa vipofu, hawana manyoya, na hunyonya kwa wiki kama 10. Mkiziba tundu mama akiwa nje, atatafuna mbao mpaka afungue njia nyingine, na mara nyingi hiyo ya pili huwa kubwa kuliko ya kwanza. Akishindwa, watoto watafia darini, nanyi mtakaa na uvundo na nzi kwa muda mrefu. Povu lenyewe halimzuii hata kidogo. Meno yake ya mbele hukua maisha yake yote, na kutafuna ndiko kunakoyapunguza.

Kwanza hakikisheni ni kindi. Mbio za alfajiri na za jioni kabla ya giza ni zake; vishindo vya usiku wa manane ni vya mnyama mwingine. Kisha simameni nje mlitazame tundu kwa darubini au kwa kamera ya simu. Tundu linalotumika lina kingo zenye rangi ya mbao mbichi, na pembeni utaona weusi wa mafuta ya mwili na nywele mbili tatu za kijivu zimenasa. Tundu lililohamwa kingo zake zimechakaa na pengine lina utando wa buibui. Nafasi ya sentimita 4 au 5 inamtosha kindi mzima, kwa hiyo zungukeni nyumba yote: pembe za paa, nyuma ya gata, matundu ya kupitisha hewa.

Kazi ya kuwatoa ianze mwishoni mwa Septemba au Oktoba, watoto wakishaanza kutoka na mama yao. Fundi azibe kwanza matundu mengine yote, abakishe moja tu. Kwenye hilo afunge mlango wa kutokea tu, yaani kijumba cha waya chenye kipande kinachofunguka kwa nje na kujifunga chenyewe. Kiachwe kwa siku 5 hadi 7. Kabla ya kukiondoa, hakikisheni hakuna tena sauti darini, kisha tundu lizibwe siku hiyohiyo. Wakati wa mvua kubwa au baridi kali kindi huweza kukaa ndani bila kutoka, hivyo ukimya wa siku moja mbili usiwadanganye.

Hapa kwenye kuziba ndipo kazi nyingi huharibika. Fundi akipiga wavu juu ya ubao uliooza, mwezi haupiti kindi amerudi, kwa sababu skrubu hazikushika kitu. Ubao uliooza ukatwe, uwekwe mpya, na gata inayovuja irekebishwe, maana maji ndiyo yaliyoulainisha. Juu yake iwekwe wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 13 au bati, lipite kingo za tundu kwa sentimita 10 hadi 15 kila upande, likazwe kwa skrubu zenye washa (kipete bapa cha chuma chini ya kichwa cha skrubu) kila baada ya sentimita 10. Kingo zilale bapa kabisa. Kindi hatafuni mahali pasipo na ncha ya kuanzia. Ukingo mmoja ulioinuka unamtosha. Matawi yaliyo karibu na paa yakatwe yabaki mbali kwa mita 2.5 hivi, ikiwezekana 3.

Fundi akiwa darini, akague nyaya za umeme. Akikuta plastiki imetafunwa na shaba inaonekana, umeme wa njia hiyo uzimwe kwenye swichi kuu na aitwe fundi umeme. Msingoje mpaka Oktoba mkisikia harufu ya kuungua au taa zikianza kupepesa. Hiyo ni hatari ya moto, aitwe leo.

Kupanda paa si kazi ya mpangaji. Mwandikieni mwenye nyumba, mweke picha na tarehe, nanyi mbaki na nakala. Sheria za Ohio, sura ya 5321, zinamtaka aweke nyumba katika hali ya kukalika. Asipofanya, msiache kulipa kodi kwa uamuzi wenu. Ulizeni mahakama ya eneo lenu utaratibu wa kuiweka kodi huko.

Sasa karanga. Mnaweza kufanya yote hayo, lakini mmoja akiendelea kuwalisha, kindi hawatabanduka mlangoni. Mwambieni mwenzenu kwa upole, bila kumlaumu, kwamba kindi aliyezoea mkono humfuata mtu yeyote, hata mgeni asiye na kitu. Siku za mwanzo baada ya kuacha watazidi usumbufu: watakwaruza mlango, watapanda dirishani. Kindi akipewa hata karanga moja wakati huo, amefundishwa kwamba kusumbua kunalipa. Mkate na nafaka viwekwe kwenye mikebe ya bati au chupa za kioo, na wavu wa dirisha ubadilishwe uwe wa chuma.

Sumu msiweke: mnyama hufia ukutani, na Ohio kindi ni mnyama wa kuwindwa kwa msimu, ana sheria zake. Akimng'ata mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni kliniki kuuliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Kichaa cha mbwa ni nadra mno kwa kindi, ila mwelezeni daktari kama mnyama huyo alikuwa akiyumba au alimshambulia mtu bila kuchokozwa.